Adui Yuko Juu: Marvel Rivals Mikononi mwa Mwenye Kontrola

Ramani ni Spider-Islands, ndani ya Tokyo 2099. Msafara, yaani gari ambalo timu moja inalisindikiza na nyingine inalizuia, umebakiza mita chache kufika mwisho, na watu watano wa timu inayousindikiza wamejazana juu yake. Wote wanatazama mbele, kwenye ile pembe ambako Hela, shujaa wa timu pinzani, alichungulia mara ya mwisho. Vidole vimegandamiza R2, kitufe cha kupiga. Kila skrini ina ukuta, moshi na namba za madhara zinazorukaruka. Juu ya paa la kushoto, Iron Man anaelea bila haraka, akingoja nguvu yake kuu ifike asilimia 100. Inafika. Kombora linashuka, na wote watano wanaondoka kwa pamoja.

Mechi inaisha. Kinachoandikwa na wa kwanza kulalamika ni kilekile: waganga, wale wa kuponya wenzao, walikuwa wapi?

Hakuna aliyetazama juu.

Tukio la aina hii hurudiwa kila siku kwenye konsoli katika Marvel Rivals, mchezo wa video wa timu za mashujaa wa Marvel wanaopigana, kwa ramani tofauti na majina tofauti, na kwa wiki kadhaa swali lake limekataa kuniachia. Siulizi nani mwenye makosa. Naulizia kitu kingine: kwa nini mchezo unaosimuliwa kwenye video na miongozo ya mtandaoni haufanani na ule unaoonekana ukiwa umeshika kontrola? Huko wanakwambia Iron Man ni rahisi kumshusha. Wanakwambia Spider-Man ukimsikia, geuka umpige. Wanasema kana kwamba kugeuka ni bure.

## Umbali na kasi

Wengi wanaotoa ushauri wanacheza kwa kipanya, na tofauti ya kipanya na kijiti cha kontrola haiishii kwenye wepesi wa mkono.

Kipanya kinaiambia kompyuta umbali. Ukikisogeza sentimita kumi, macho ya shujaa yanageuka kiasi fulani, na ukizisogeza kumi zilezile haraka zaidi, yanageuka kiasi hichohicho kwa muda mfupi zaidi. Kijiti kinaiambia konsoli kasi. Ukikisukuma mpaka mwisho, shujaa anageuka kwa kasi ya juu iliyowekwa kwenye mipangilio, na hapo umefika. Usukume kwa hasira au kwa upole, hakiendi zaidi.

Kwa hiyo nyuzi 180 za kumtazama aliyetua mgongoni zina bei, na bei hiyo ni muda. Ukipandisha kasi ya kijiti ili kuipunguza, unailipa kwingine: sasa kumfuata adui wa mbali kunatetemeka, kwa sababu mguso mdogo wa kidole unakurusha mbali.

Halafu kuna kidole gumba chenyewe. Gumba la kulia ndilo linaloongoza kijiti cha kulenga, na ndilo linalobonyeza vitufe vinne vya kulia, kikiwemo cha kuruka. Haliwezi kuwa sehemu mbili. Kila unaporuka kwa mipangilio ya kawaida, kwa sehemu ya sekunde hulengi chochote. Mwenye kipanya anaruka kwa mkono wa kushoto na analenga kwa wa kulia, wala hajui kwamba hilo ni jambo la kuzungumziwa.

Katika mchezo wa kurushiana risasi ardhini, kasoro hii inavumilika. Maadui wako kwenye mstari mmoja na macho yako, na mkono wa kushoto unaposogeza mwili pembeni unasaidia nusu ya kazi ya kulenga. Marvel Rivals si mchezo wa ardhini. Watu wanapanda kuta, wananing'inia kwenye utando, wanapaa.

## 18, 8, 7

Mchezo ulitoka tarehe 6 Desemba 2024 kwa PC, PS5 na Xbox Series X na S, na siku tatu tu baadaye ilitangazwa kwamba wachezaji wamefika milioni 10. Toleo la PS4 lilifuata Septemba 2025. Mashujaa wa siku ya kwanza walikuwa 33, wote bure, hakuna wa kununua wala wa kufungulia kwa jasho. Hilo peke yake linastahili sifa, na nawapa.

Sasa wagawe hao 33 kwa kazi zao. Duelist, wale wa kuua, walikuwa 18. Vanguard, wa kutangulia na kupokea mapigo, walikuwa 8. Strategist, waganga, walikuwa 7.

Timu ni ya watu sita, na mchezo haulazimishi mgawanyo wowote. Hata wote sita wangechagua kwa kufumba macho, kwa hesabu hiyo wangepatikana Duelist watatu na ziada, mlinzi mmoja na mganga mmoja. Na watu hawafumbi macho. Wamekuja kumtafuta Spider-Man, Wolverine, Black Panther, Iron Man, Storm. Wote hao ni Duelist. Simlaumu aliyesubiri mchezo miezi kadhaa ili awe Spider-Man, kisha akakataa kuwa papa mdogo anayetema maji ya kuponya. (Ingawa Jeff, huyo papa, ni mchokozi kuliko anavyoonekana.)

Ndiyo maana mechi za mwanzo huwa na Duelist wanne, mlinzi aliyeingia kwa kuona aibu, na mganga mmoja anayekimbizwa ramani nzima.

Kwa muda niliona haya ni malalamiko ya kawaida ya michezo ya aina hii. Wazo lilibadilika pale nilipoiweka orodha ya mashujaa kando ya yale niliyoandika kuhusu kijiti na gumba. Jiulize: ni kina nani wanaohitaji shabaha kali, mgeuko wa ghafla, kuruka huku unalenga? Hela, Hawkeye, Black Widow, Spider-Man, Psylocke, Iron Man. Na ni kina nani ambao silaha zao zinajitafutia njia, zinalipuka kwa eneo, au zinafanya kazi zikiwa zimewekwa chini? Cloak & Dagger, Rocket Raccoon, Magneto, Peni Parker, Groot.

Viti vinavyokimbiwa na watu ndivyo kontrola inavyovipenda. Viti vinavyogombaniwa ndivyo inavyovichukia.

Hapo ndipo mkanganyiko wa wiki zile ulipofunguka.

## Wanaojilenga wenyewe

Tuanze na mganga wa kwanza ninayempendekeza kwa mwenye kontrola: Cloak & Dagger. Ni watu wawili katika nafasi moja. Dagger anarusha visu vya nuru ambavyo vikipita karibu na mwenzako vinajipinda kumfuata. Huhitaji shabaha ya kipanya; unahitaji kumtazama mtu kwa ujumla tu. Cloak ndiye upande wa pili, mwenye uwezo wa kupofusha adui na kuwaficha wenzake walio karibu kwa muda mfupi. Kosa la wanaoanza ni kukaa kwenye umbo la Cloak wakifurahia kupiga, huku uhai wa mlinzi ukiyeyuka. Bila sababu maalumu, rudi kwa Dagger.

Rocket anarusha mipira ya kuponya inayodunda kwenye kuta na sakafu. Ukiwa kwenye korido, piga ukutani, itafika. Anacho pia kifaa kinachomrudisha hai mwenzake aliyekufa. Kifaa hicho kinavunjika kwa kupigwa, na kila siku kuna Rocket anayekiweka katikati ya njia kama zawadi kwa adui. Kiweke nyuma ya nguzo, juu ya dari ndogo, ndani ya chumba cha pembeni, popote ambapo adui lazima aache kazi yake ili akifikie.

Luna Snow anahitaji shabaha zaidi, lakini risasi zake zinafika papo hapo bila safari angani, na hilo kwa kijiti ni tofauti kubwa: hulengi mahali adui atakapokuwa, unalenga alipo. Nguvu yake kuu wakati mchezo unatoka ilidumu sekunde 12 na kuponya uhai 250 kwa sekunde. Wapiganaji wengi wana uhai wa 250 au zaidi kidogo, kwa hiyo kila sekunde unarudishiwa mwili karibu mzima. Usijaribu kuupigania uponyaji huo kwa risasi za kawaida. Ama rudi nyuma ungoje uishe, ama tumia pigo moja linaloua mara moja, kama kombora la Iron Man au lile tufe la nguvu kuu ya Magneto. Sasisho za misimu zimekuwa zikizipunguza na kuzirekebisha namba hizi, ila kanuni haijabadilika.

Upande wa walinzi, Magneto ndiye rafiki wa kontrola. Risasi zake ni polepole na kubwa, na zinalipuka, hivyo kukosea kidogo hakukunyimi madhara yote. Doctor Strange anaonekana rahisi kwa sababu ana ngao, kisha inamponza mtu kwa kosa moja: kuishikilia mpaka ivunjike. Ngao iliyovunjika inachelewa kurudi. Ishushe ikiwa bado na uhai kiasi, jifiche nyuma ya pembe, iache ijijaze, tokea tena. Groot naye ana kuta, na kuta zake zimeua wenzake wengi kuliko maadui, kwa sababu mganga haponyi kupitia mti. Kabla hujaotesha ukuta, angalia nani wa kwenu amebaki upande wa pili.

Peni Parker anastahili aya yake. Anatega mabomu na kiota cha buibui, na akiwa ndani ya utando wake anakuwa mgumu kuondolewa. Kwenye ramani za kushikilia eneo, kama Royal Palace au Hell's Heaven, anayecheza kwa kontrola anaweza kufanya kazi nzito kwa kutazama chini tu. Kinachowaharibia ni kiherehere. Wanamuumiza adui mmoja, wanamkimbiza, wanaacha kiota, wanafia njiani.

Na kama lazima uwe Duelist? Wapo wanaoionea huruma kontrola. Scarlet Witch shambulio lake la kawaida linamshika adui lenyewe, kwa masafa mafupi. Iron Fist mapigo yake yanamfuata anayekimbia. Namor anaweka viumbe wa majini wanaopiga wenyewe chochote kilicho karibu, kikiwemo kinachopaa. Moon Knight anarusha alama zake ardhini na silaha zinadunda kati yake. Squirrel Girl anapiga sakafu mbele ya watu, na karanga zinamalizia. Hawa ndio wa kuanzia. Spider-Man atakungoja.

## Anga

Siku ya kwanza wapaaji wa kweli walikuwa wawili: Iron Man na Storm. Februari 2025 akaja Human Torch. Mwisho wa Mei akaingia Ultron, mganga anayepaa. Septemba akafuata Angela, mlinzi anayepaa. Yaani sasa kila kazi kati ya zile tatu ina mtu wake angani.

Kwa mwenye kipanya hiyo ni ladha mpya. Kwa mwenye kontrola ni tatizo lililoongezeka, na sababu zake ni tatu zinazokaa pamoja. Mipangilio mingi ya kontrola inafanya kijiti kiende juu na chini polepole kuliko kulia na kushoto, kwa hiyo kuinua macho tu ni safari. Mpaaji wa mbali ni mdogo kwenye skrini, na msaada wa kulenga, ule unaopunguza kasi ya kijiti alama ya shabaha inapokaribia adui, hauna pa kushika. Na kusogea pembeni kwa mkono wa kushoto, ambako ardhini kunasaidia kulenga, hakusaidii kitu dhidi ya mtu anayepanda na kushuka.

Iron Man mwenyewe anacheza kwa kontrola ileile. Mbona yeye hasumbuki? Kwa sababu silaha yake inalipuka. Anapiga chini, kwenye sakafu, karibu na miguu ya watu waliosongamana. Mmoja anahitaji shabaha ya sindano, mwingine anahitaji ujirani tu.

Nilijibishana na wazo hili kwa muda. Waswahili wamesema mchagua jembe si mkulima, na kila anayeshindwa hupenda kuwa na cha kusingizia. Lakini hoja ya wenzetu wa PC, kwamba mashujaa wa risasi za papo hapo wanawamaliza wapaaji, ni ya kweli kwao kwa sababu mkono wao unaweza kuitimiza. Jibu lipo kwenye orodha ya mashujaa. Kwenye kijiti halipo mpaka ulitengeneze.

Kinachofanya kazi kwa kontrola ni kwanza kukataa pambano. Mpaaji anahitaji anga wazi. Ukiwa chini ya dari, kwenye mlango, au umebana ukuta upande wake, lazima ashuke au aende kwingine. Akishuka, amekuja kwenye mstari wako wa macho, ambako kijiti kina adabu. Watu wanapoteza mechi nzima wakipiga juu katikati ya uwanja, kumbe hatua tano nyuma kuna paa.

Pili, watu wawili si mmoja. Punisher na Luna wakimwelekea Iron Man pamoja, hahitajiki hodari kati yao. Madhara madogo kutoka pande mbili yanamlazimisha arudi kwa mganga wake, na Iron Man anayerudi nyuma ni Iron Man asiyeua. Si lazima afe.

Tatu, Winter Soldier. Ana mkono wa kuvuta, na unavuta hata aliye hewani. Akishafika usawa wako, yeye ni mtu wa uhai mdogo tu aliyevaa chuma.

Nguvu kuu ya Iron Man inamfaa anayeipiga kutoka juu ya mkusanyiko. Ukijua anayo, usikae juu ya msafara na wenzako wanne. Mmoja anatosha kuusogeza, wengine watawanyike. Ile picha ya Spider-Islands ilikuwa na makosa mawili, na la kutotazama juu ndilo dogo.

## Mipangilio, kabla ya mechi yoyote

Ingia uwanja wa mazoezi. Usianze na kasi ya kijiti, anza na eneo lake la kutosikia, ile nafasi ya katikati ambamo kijiti kikisogea mchezo haujali. Ishushe hadi chini kabisa, weka kontrola mezani bila kuigusa, tazama skrini. Picha ikitambaa yenyewe, pandisha kidogo kidogo mpaka itulie. Simama hapo. Kontrola iliyochakaa itahitaji zaidi, na hakuna mipangilio ya mtu mwingine inayoweza kukuambia yako ni kiasi gani.

Kisha kasi. Mchezo unatenganisha ya kulala na ya kusimama. Leta ya kusimama karibu na ya kulala kuliko ilivyo kawaida. Mwanzoni utaona unayumba unapofuata watu wa ardhini. Vumilia, kwa sababu bila hilo anga haipo kwako.

Kipimo chepesi: zunguka sanamu moja ya mazoezi kwa mkono wa kushoto huku ukishika alama ya shabaha kifuani pake kwa mkono wa kulia. Ikiwa alama inatangulia sanamu, kasi imezidi. Ikiwa inaburutwa nyuma, imepungua. Fanya hivyo karibu, kisha mbali, kisha ukiwa juu ya kitu ukitazama chini. Hiyo ya tatu wengi hawaifanyi.

Msaada wa kulenga una nguvu zake tofauti kwa silaha za papo hapo, za kurusha na za mkononi. Usiziache sawa. Kwa silaha za kurusha, msaada mkali unaweza kukushikilia juu ya adui wakati ulitakiwa kulenga mbele yake. Kwa silaha za papo hapo, uache ufanye kazi.

Halafu gumba. Hamisha kuruka kwenye L1, kitufe cha kidole cha shahada cha kushoto, na ile nguvu iliyokuwa L1 ipeleke kwenye kitufe cha X. Mchezo unaruhusu kila shujaa awe na mpangilio wake, na hapa ndipo ruhusa hiyo inapolipa: chagua kwa kila mmoja nguvu isiyohitaji kulenga, hiyo ndiyo iende chini ya gumba. Kwa Cloak & Dagger, kubadili umbo. Kwa mlinzi, kitu cha kujikinga. Unachokilenga kibaki kwenye vidole vya shahada.

Nguvu kuu kwa kawaida ni L3 na R3 kwa pamoja, yaani kubonyeza vijiti vyote viwili. Kwa nguvu zinazozunguka mwili wako haina shida. Kwa zile za kulenga ni balaa, maana kukibonyeza kijiti cha kulia ndiko kunakokipotosha. Ihamishie kwenye kitufe kimoja kisicho na kazi kubwa kwa shujaa huyo.

Spider-Man ana mpangilio wake ndani ya ukurasa wake wa shujaa, unaorahisisha kubembea. Mwanzoni uache umewashwa. Ukishaanza kukasirika kwamba utando unashika pasipotakiwa, zima.

Runinga iwekwe kwenye hali ya michezo. Bila hiyo inachakata picha kwa muda wake, na utalaumu mtandao kwa kosa la kioo.

## Ushindi usio na watu

Kuna jambo moja linalopotosha hisia za mwanzo kuliko yote. Kwenye mechi za haraka, wachezaji wengi wameripoti kwamba baada ya vipigo kadhaa mfululizo hupangiwa timu inayoendeshwa na kompyuta. Unashinda kwa kishindo, unadhani umepata shujaa wako, unaenda kwenye mechi za ushindani, unapondwa.

Dalili zao si za kujificha sana. Wanatembea kwa mstari ulionyooka kuelekea lengo. Hawazunguki nyuma. Hawakimbii wakibaki na uhai kidogo. Ukisimama mahali pa juu wanakuwa kama hawakuoni. Mechi ya namna hiyo ifurahie, lakini usibadilishe mpangilio wowote wa kontrola kwa kuitegemea, na usihitimishe chochote kuhusu wapaaji, maana wa kompyuta hawaitumii anga kama mtu.

Doa jingine la mechi za haraka ni kwamba zinaweza kuchanganya konsoli na PC. Unaweza kuzima mchanganyiko huo kwenye mipangilio ya konsoli. Mechi za ushindani hazichanganyi: konsoli kwa konsoli, PC kwa PC. Kwa hiyo anayejifunza kwa kucheza haraka peke yake anaweza kuwa anajiandaa kwa wapinzani ambao hatakutana nao.

Isipokuwa wale wanaochomeka vifaa vinavyoidanganya konsoli kwamba kipanya ni kontrola. Wanapata shabaha ya kipanya na bado wanapewa msaada wa kulenga uliokusudiwa kijiti. NetEase, kampuni iliyotengeneza mchezo, imevipiga marufuku na kufungia akaunti zinazobainika. Wanapungua, hawaishi.

## Masikio

Hili ni fupi kwa sababu linafanya kazi tangu siku ya kwanza. Kila nguvu kuu ina maneno mawili: ya kusikiwa na wenzake na ya kusikiwa na maadui. Yajifunze ya maadui. Scarlet Witch akianza kupaza sauti yake una sekunde chache za kumuua au kutoka kwenye mduara.  Jeff akizama chini ya miguu yenu, ruka, na uendelee kuwa hewani. Akikumeza kwenye ramani yenye ukingo, atakwenda kukutema shimoni.

Ukiwa na gumba lisilo na nafasi ya kugeuka kila mara, masikio yanakugeuzia. Vaa spika za masikioni zenye waya. Zisizo na waya za kawaida zinachelewesha sauti, na hata sehemu ya sekunde hapa ni uhai wa mtu.

## Marufuku inaanzia wapi

Mechi za ushindani zina hatua ya kupiga marufuku mashujaa kabla ya kuanza. Mchezo ulipotoka, hatua hiyo ilianzia ngazi ya Diamond III. Msimu wa pili, Aprili 2025, ikateremshwa hadi Gold III. Kwenye konsoli hatua hiyo ni pumzi. Timu inaweza kumwondoa Iron Man au Human Torch mezani kabisa na kucheza mchezo ambao vijiti vinauweza.

Lakini aliye kwenye ngazi za chini, Bronze na Silver, hana marufuku hiyo. Yaani anayeanza, mwenye mipangilio ya kiwandani, mwenye kijiti cha juu na chini kilicholegea, ambaye hajajua hata kwamba kuruka kunahamishika, ndiye anayekutana na anga yote wazi. Aliyepanda, ambaye tayari amejifunza kuangalia juu, ndiye anayepewa ruhusa ya kulifunga anga.

Sidhani kuna aliyekusudia iwe hivyo. Na sidhani suluhisho ni kuwapunguza nguvu wapaaji kila mahali, maana wenye kipanya watakuwa wameadhibiwa kwa shida isiyo yao. NetEase inaweza kuyapa madhara ya wapaaji namba zake za konsoli, au kutoa mipangilio ya mwanzo ambayo kijiti cha kusimama hakijafungwa minyororo. La pili ni rahisi zaidi. Mpaka lifike, kwa aliye chini ya Gold III: kaa chini ya paa, tumia watu wawili wa risasi za papo hapo, na usibadilishe shujaa katikati ya mechi ukiwa na asilimia 90 za nguvu kuu, kwa sababu ukibadilisha zinapotea zote.